Mlinzi wa Mfuniko

Mpaka leo nikipanda ngazi ya behewa na kufika juu, mguu wangu wa kushoto unasita. Unamwachia mtu nafasi. Mtu mwenyewe hayupo, ni miaka sasa, ila mguu haujaambiwa.

Kazi yangu ni kushusha chokaa. Ni chokaa ya unga, laini kuliko sembe, inayokuja kwa reli kutoka upande wa pwani ndani ya mabehewa yaliyofungwa pande zote. Juu yana matundu mawili yenye mifuniko ya chuma, chini yana mabomba yanayoning'inia kama chuchu za ng'ombe. Behewa likiingia kwenye yadi yetu tunaunganisha mipira mikubwa kwenye yale mabomba, tunawasha kompresa, na upepo unaisukuma chokaa mpaka kwenye silo, lile ghala refu la chuma. Kutoka hapo inapakiwa kwenye malori ya kwenda Geita, migodini. Nyumbani kwetu Didia watu huniuliza chokaa na dhahabu vina undugu gani. Nawajibu kama nilivyojibiwa mimi: maji yanayotumika kutoa dhahabu kwenye mawe yana sumu, na chokaa ndiyo inayoituliza ile sumu isiruke hewani ikaua watu.

"Basi unabeba dawa," mama aliniambia, na tangu siku hiyo hakulalamika tena kwamba narudi nyumbani kama mtu aliyegaragara kwenye majivu.

Nilianza na ufagio. Nilikuwa na binti wa miaka mitatu niliyemwacha kwa mama, na baba yake alikuwa amekwisha kwenda zake, hata sikumbuki vizuri sauti yake. Yadini kila mtu aliniita mama fulani, kwa jina la binti yangu, kama ilivyo desturi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza jina langu mwenyewe. Aliuliza huku ameinama, anagongea kabari chini ya gurudumu la behewa, wala hakuinua uso. Nilipomtajia, alilirudia mara moja, polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga.

Alikuwa mshushaji. Mwembamba, mrefu wa mikono, mtoto wa Nyahanga pale Kahama, kwenye ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu yao alihamia kutoka Tabora. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kinateleza. Mimi Kisukuma kilikuwa kimenikaa ulimini. Reli kwangu ilikuwa "leli" na ruhusa ilikuwa "luhusa". Wengine walinicheka. Yeye alicheka pia, lakini baada ya wiki chache nilimsikia anamwambia dereva wa lori, kwa makusudi kabisa, "Sogea, umesimama kwenye leli," na dereva akamshangaa. Nilikuwa nafagia karibu. Niligeukia upande wa pili ili asione nilivyotabasamu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuna aliyemtuma. "Behewa likisimama, usiamini kuwa limesimama," alisema. Kwanza breki ya mkono, kisha kabari mbele na nyuma ya magurudumu, kisha bendera nyekundu pande zote mbili za njia, na kufuli kwenye swichi ya reli ili kichwa cha treni kisije kikatusukuma tukiwa tumeshika mipira. Kisha waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa sababu unga ukikimbia ndani ya bomba unazalisha umeme wake wenyewe. Kisha miwani, barakoa, glavu. Kisha geji, kipimo cha upepo ulio ndani. Hapo alikuwa mkali. Behewa likiwa na upepo ndani, mfuniko haufunguliwi. Utasubiri sindano ya geji ishuke mpaka chini kabisa, halafu ufungue valvu ndogo usikilize mpaka isizomee tena, halafu ndipo uguse boliti. "Mfuniko mmoja una uzito wa mbuzi," aliniambia. "Ukirushwa na upepo hautakuomba radhi."

Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja kutoka Mara, mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya mto. Baada ya mwaka alinitoa kwenye ufagio akanipeleka juu ya behewa kuwa mlinzi wa mfuniko. Hiyo ni kazi ya mtu anayesimama kwenye tundu wakati mwenzake ameingia ndani. Kuingia ndani si jambo la kila siku. Chokaa ikishika unyevu hugandamana kwenye kona na kugoma kushuka. Tunaligonga behewa kwa nyundo ya mpira, tunalitingisha kwa mashine, na ikishindikana kabisa ndipo mtu anaandikiwa kibali, anafungwa mkanda na kamba, na kuteremshwa akaibomoe kwa mti mrefu. Mlinzi anashika kamba na filimbi.

Siku ya kunikabidhi filimbi, yule mama alinisimamisha mbele ya wote.

"Mwenzako akianguka mle ndani, unafanya nini?"

"Napiga filimbi."

"Akikuita kwa jina lako?"

"Napiga filimbi."

"Akilia?"

"Napiga filimbi."

"Na utaingia saa ngapi?"

Nilibabaika. Yule mshushaji, aliyekuwa amesimama nyuma ya msimamizi, alitikisa kichwa kidogo.

"Siingii," nilijibu.

"Rudia."

"Siingii."

"Wengi wanaokufa kwenye mashimo na matangi ni wale waliomfuata wa kwanza," alisema msimamizi. "Sitaki mtu mwenye huruma pale juu. Nataka mtu mwenye masikio."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wawili wa behewa moja, yule mshushaji na mimi. Siku nyingi hakukuwa na mtu wa kuingia ndani. Tulikaa juu, mikanda yetu imefungwa kwenye waya uliotandazwa juu ya njia, tukisubiri sindano ishuke. Ukiwa juu pale unaona mbali: mashamba ya alizeti na pamba, majabali yaliyopandana kama viti, mifugo inayorudi kwenye lambo, vumbi la barabara ya Kahama. Alinisimulia Kahama ya utoto wake. Nilimsimulia jinsi baba alivyokuwa akitambua kila ng'ombe kwa mlio. Nilikuja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyochemsha na karanga. Yeye alikuja na vitumbua vya mama yake vilivyofungwa kwenye kitambaa. Tulibadilishana, tukanawa mikono mara tatu kwa sababu ya chokaa, tukala.

Ramadhani iliponikuta naye mara ya kwanza, nikaacha kunywa maji mbele yake. Jua la Shinyanga juu ya chuma si mchezo. Mchana wa siku ya tatu aliniwekea chupa yangu miguuni.

"Kunywa."

"Sina kiu."

"Midomo yako imepasuka. Mimi nimefunga kwa ajili ya Mungu. Wewe umefunga kwa ajili ya nani?"

Nilikunywa huku nimegeukia alizeti.

Yalikuja taratibu, kama maji yanavyopanda kisimani. Hatukuwa watoto. Siku moja, tukiwa tunakunja mipira, alisema bila kunitazama, "Mavuno yakiisha nitatuma wazee Didia."

"Baba yangu ni mtu wa kanisa."

"Najua."

"Wazee wako watakuja na kanzu zao?"

"Watakuja nazo. Waje kwanza. Mengine yatazungumzwa watu wakiwa wameketi."

Nilimwambia mama peke yake. Mama alichambua mchele wake kwa muda, kisha akauliza kama wazee wa Kahama wanakula kuku wa kienyeji, na kama ni wao watakaotaka kumchinja. Nikajua amekubali.

Mwaka ule mvua za vuli ziliwahi. Mabehewa mawili yalifika yakiwa yamelowa mfuniko. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechoka na maji yalikuwa yamepenya njiani. Behewa la kwanza tulilimaliza kwa nyundo na subira. La pili lilitoa nusu likakaa kimya. Kompresa ilinguruma, mpira ukatingishika, hakuna kilichokuja. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka getini, madereva wameshuka, kila mmoja anauliza Geita atafika saa ngapi.

Kibali kiliandikwa. Msimamizi alikagua mkanda mwenyewe. Kompresa ilizimwa, upepo ukatolewa wote, mabomba ya chini yakafungwa na kutiwa kufuli, funguo nikapewa mimi nikazitia mfukoni. Kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa. Mwenzangu alivuta barakoa usoni, akaniangalia kupitia miwani yake, akashuka kwenye ngazi ya kamba.

Kamba ya mlinzi haitakiwi kulegea. Ukiacha urefu wa mkono mmoja, inatosha. Mtu akizama, kamba inamshika kiunoni, hawezi kwenda chini zaidi. Niliijua sheria hiyo kama ninavyojua Baba Yetu.

Alibomoa upande wa karibu ukaisha. Kona ya mbali ilibaki, chokaa imesimama kama ukuta wa udongo, mrefu kumpita. Alinyoosha mti, haukufika.

"Legeza kidogo," aliniambia.

"Rudi kwanza nihamie tundu la pili."

"Kidogo tu, nimalize. Watu wanasubiri."

Angekuwa mtu mwingine nisingelegeza. Naandika hivi nikijua ninachoandika. Angekuwa yeyote kati ya wale wanaume wengine, ningemwambia panda, tuhamie tundu la pili, foleni ya malori isubiri mpaka jioni. Lakini alikuwa yeye, na alikuwa ameniomba kwa ile sauti ya vitumbua na michembe. Nikampa mikono miwili mingine ya kamba.

Alipiga mti mara moja. Ukuta haukuanguka kama kitu kinavyoanguka. Ulimiminika. Ulishuka mzima kama maziwa yanayomwagika, bila kelele, na wingu jeupe likapanda mpaka kwenye tundu likanipiga usoni. Lilipotulia nilimwona kifua na kichwa tu. Mikono yake ilikuwa juu. Barakoa ilikuwa imeng'oka upande mmoja na miwani haikuwepo. Kamba ilikuwa imekaza, sasa, ilipokuwa imechelewa.

Niliipiga filimbi. Niliipiga mpaka nikasikia ladha ya damu.

Aliniita. Si mama fulani. Aliniita kwa jina langu. "Njoo. Nishike mkono tu. Nishike mkono."

Mkono wake haukuwa mbali. Kama ningeteremka ngazi hatua nne ningeugusa. Pembeni yangu kulikuwa na chokaa nyingine iliyoning'inia, na mguu wangu wa kwanza ungeishusha yote juu yetu. Hilo nililiona kwa macho. Lakini sikuwa nafikiri hilo. Nilikuwa nasikia jina langu.

"Siingii," nilisema. "Usijitikise. Funga macho, funga mdomo. Wanakuja. Mimi siingii."

Watu walipanda. Wa mbele kabisa alikuwa dereva wa lori, mtu mzima mwenye nguvu, asiye na mkanda wala barakoa. "Ondoka nimtoe!" alisema, na tayari alikuwa ameingiza mguu mmoja tunduni. Wengine walishika kamba wakaanza kuivuta kwa pamoja kama wanaovuta ng'ombe matopeni. Niliwapigia kelele waiache, mtu aliyefukiwa ukimvuta kwa nguvu utamvunja kiuno. Hawakunisikia. Basi nikafanya kitu kimoja nilichoweza. Nilikaa juu ya tundu. Nilitanua miguu, nikashika kingo kwa mikono miwili, nikaziba mdomo wa behewa na kuibana ile kamba kwa mwili wangu. Dereva alinivuta bega, akanitukana tusi ambalo sikuwahi kutukanwa na mtu. Sikuondoka.

Chini yangu nilisikia anaguna mara moja, kama mtu aliyepigwa. Kisha kimya.

Msimamizi alifika. Alimshusha yule dereva kwa neno moja, akaitwaa kamba. Mimi nikainuka. Wawili wa kwetu wenye mikanda waliingia kwa tundu la pili, wakitandika mbao na kutambaa juu yake ili uzito wao usisukume chokaa. Walipitisha vipande vya bati kumzunguka, wakaanza kuchota kwa ndoo ndani ya ule mduara, ndoo baada ya ndoo, mpaka kiuno kikaonekana, mpaka magoti. Ilichukua muda mrefu sana. Nilizishika zile ndoo zilipopanda nikazipokeza. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri tu. Nashangaa mpaka leo.

Alitoka akiwa hai. Tulimkung'uta kwanza chokaa kavu kwa brashi, halafu tukamlaza chini ya bomba na maji yakamtiririkia machoni bila kukatika mpaka gari likaja. Alishika mkono wa msimamizi. Mimi nilishika kichwa chake kisigeuke. Hakufumbua macho.

Hospitalini mjini Shinyanga nilikwenda siku ya pili, nimebeba uji na matunda. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, mtandio mweusi, tasbihi mkononi. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiye uliyekataa kuingia?"

"Ndiyo, mama."

Alisogea akanipisha kiti chake, yeye akasimama. Sijui mpaka leo ile ilikuwa heshima au ilikuwa hawezi kuketi karibu na mimi.

Mwanawe alikuwa amefungwa bandeji jicho moja. Alisema asante. Aliuliza habari za watu wa kazini, mmoja mmoja. Aliniuliza hali ya binti yangu. Alikuwa na adabu kama mtu anayeongea na mgeni wa shangazi yake. Nilikwenda mara tano, na mara zote tano adabu ile ilikuwepo imekaa kati yetu, nami sikujua pa kuishika niitoe.

Kuhusu kamba, nilimwambia msimamizi ukweli siku ileile. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilisimamishwa kazi kwa muda, ikaandikwa. Lakini kabla sijatoka kwenye ofisi yake alisema, "Nilijua mnapendana. Kila mtu alijua. Nilipaswa kuwatenganisha behewa, na sikufanya, kwa sababu mlikuwa mnafanya kazi vizuri na mlinifurahisha macho." Ndiyo mara pekee niliyomwona amelegea.

Mavuno yakaja. Mama aliwafungia kuku wawili banda la peke yao, akawalisha mtama. Kila nilipokwenda Didia niliwakuta wamenenepa zaidi, na hatukuwazungumzia. Mwisho wa msimu alichinjwa mmoja kwa ajili ya mgeni wa kanisani, na wa pili aliachiwa akachangamana na wenzake.

Jicho lake lilibaki na ukungu, hakurudi yadini. Nilisikia yuko Kahama, kisha nikasikia ameondoka. Kwa muda alinitumia ujumbe siku za Idi, nami nikamtumia wa Krismasi. Kisha namba yake ikawa haipatikani. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo lililokuwa zito. Mtu aliyekosewa ana pa kushika. Mimi nilibaki na siku za kawaida tu: sindano ya geji inashuka, upepo unazomea unakoma, alizeti zinageuka na jua, na upande wangu wa kushoto amesimama mtu mwingine, mtu mzuri tu, ambaye anakula chakula chake mwenyewe.

Nilikuwa na wachumba wawili baadaye. Wote walikuwa watu wa maana. Sikuwakataa kwa sababu ya kiapo, sikula kiapo chochote. Kila mara nilijikuta nasubiri waseme kitu fulani, na hawakukisema, na sikujua ni kitu gani.

Msimamizi alipostaafu nilipewa usalama wa upakuaji wote. Sasa ni mimi ninayewauliza wapya mwenzako akilia utafanya nini. Kwa kazi hiyo nilitumwa Geita siku moja, kuangalia jinsi madereva wanavyoipakua chokaa wakifika mgodini. Nilimaliza asubuhi. Dereva mmoja wa zamani, tukinywa chai, aliniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Yule mwenzako wa jicho yuko Runzewe. Ana duka la vifaa vya wachimbaji, nyuma ya soko."

Njia yangu ya kurudi haikupita Runzewe. Nilishuka Ushirombo, nikapanda gari la Runzewe.

Duka lilikuwa na kofia ngumu zimening'inizwa mlangoni, tochi za kichwani, sururu, kamba za kila unene, buti za mpira. Alikuwa anampimia mteja kamba. Aliinua uso kumkaribisha mtu aliyeziba mwanga mlangoni, akaona ni mimi. Alimaliza kumpimia yule mteja, akaikata, akaifunga. Kisha akaniita jina langu.

Tuliketi kwenye benchi nje. Alikuwa ameongezeka mwili, nywele za pembeni zimeingia mvi. Jicho lake la kulia lilikuwa na wingu dogo. Tuliulizana wazazi; baba yangu alikuwa amefariki, mama yake pia. Tulipeana pole. Kisha nikasema kilichonipeleka, kwa sababu nilijua nikichelewa sitakisema.

"Nilikulegezea kamba. Sikutakiwa."

"Mimi ndiye niliyeomba."

"Na mimi ndiye niliyeshika."

Alichukua kipande cha kamba kilichobaki mkononi mwake, akakiweka chini. "Mimi sikuwahi kufikiria habari ya kamba," alisema. "Nilikuwa naona tundu. Nilikuwa nimezama, chokaa inanibana kila nikivuta pumzi, lakini juu naona mbingu na uso wako. Halafu pakawa giza. Nikajua ni wewe umekaa. Nilikuchukia pale pale. Na pale pale nikajua umefanya sawa. Vyote viwili kwa pamoja."

"Ningeingia tungekufa wote."

"Najua. Ndiyo maana sikuja kukulaumu." Alikisogeza kile kipande cha kamba kwa ncha ya kiatu. "Na ndiyo maana sikuja. Nilisema nitulie kwanza, kile kimoja kife, nije na kile kingine. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Halafu nikaona aibu ya kuchelewa."

"Ningekusubiri."

"Najua."

Sikulia. Pikipiki zilipita na magunia ya mchele. Nilimtazama mikono yake mirefu imelala magotini, ileile, na nilitamani kuishika kwa tamaa ambayo sikudhani mtu wa umri wangu bado anayo. Niliishika mikono yangu mwenyewe.

Mwanamke akaja na kikapu, mtoto wa kiume mgongoni. Alikuwa kijana, uso mkunjufu, na Kiswahili chake kilikuwa na ile lafudhi ya kwetu. Aliniamkia shikamoo. Nikaitikia.

"Mgeni wetu huyu ni nani?" alimuuliza.

"Tulifanya kazi pamoja relini."

Yule mwanamke alitua kikapu. Aliniangalia, akamwangalia mumewe. "Ni yeye? Yule aliyekalia tundu?"

"Ndiye."

Alinipigia magoti, pale nje ya duka, mtoto akiwa mgongoni, akanishika mikono yote miwili. "Wabeja, mayu," alisema, asante mama kwa Kisukuma. "Wabeja sana. Bila wewe nisingekuwa na mume. Huyu mtoto asingekuwepo." Alilia juu ya mikono yangu. Nilimwinua, nikamwambia asante, nikamwambia ni kazi tu, tulikuwa tumefundishwa. Alinilazimisha kula. Ulikuwa wali na maharage ya nazi, akanichagulia sehemu nzuri, akanisimulia mtoto alivyoanza kutembea. Nilimpakata yule mtoto. Alikuwa mzito, ananukia mafuta ya nazi, akanivuta hereni.

Yeye alinisindikiza mpaka gari lilipo. Hatukuahidiana kitu. Aliuliza kama mpira wa kuzuia maji kwenye mifuniko siku hizi unakaguliwa kabla behewa halijaondoka huko linakotoka. Nikamwambia unakaguliwa. Akasema, "Vizuri." Gari likaondoka.

Nilifika nyumbani kesho yake. Binti yangu, ambaye sasa yuko chuo na alikuwa likizo, ndiye aliyenipokea mkoba. Anajua habari yote. Nilimsimulia alipofika umri wa kujua.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Yukoje?"

"Amenenepa," nilisema.

Tulicheka wote wawili, sana, mpaka akashika ukuta. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa magharibi na nguo zilikuwa bado kwenye kamba nje, nikatoka kuzianua. Nilizitoa moja moja, nikaziweka begani. Zilipokwisha nilibaki nimesimama pale, nguo zote begani, zikiwa bado na joto la jua. Binti aliniita mara mbili kwamba mvua inakuja. Nilimjibu kwamba naiona.